Samaki wa Wangila Hana Kitambulisho

Siku ya kuhama, Phelista alianza na maji. Alivuta nusu ya maji ya tangi la samaki kwa mpira mwembamba, akajaza mitungi sita na kuiandika CHUMVI, mtu asije akasongea ugali. Mawe ya ndani ya tangi aliyafunga kwa magazeti yaliyoloweshwa. Samaki wawili, wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, aliwatia ndooni pamoja na pampu ndogo ya betri. Tangi la kioo halibebwi likiwa na maji. Hilo alifundishwa na marehemu mumewe Wangila, aliyelileta Kitale alipostaafu kazi ya bandari Mombasa.

Wakhungu, mdogo wake Wangila, alisimama mlangoni na funguo za nyumba. Zilikuwa zake sasa. Shamba la Saboti pia lilikuwa lake, kwa kuwa Phelista hakuzaa, na hakuna karatasi iliyoonekana.

"Polepole na hiyo kioo, shemeji. Si utajikata."

Ndipo samaki mkubwa alipotoa kichwa ndooni. Alisema kwa sauti ya Wangila, ile ya kukwaruza ya siku za mwisho, alipokuwa akilala kwenye kochi kando ya tangi: "Shamba ya Saboti ni ya Phelista. Nyumba pia. Wakhungu anajua."

Wakhungu alikohoa. "Ni kweli aliniambia," alisema. "Lakini hakuandika."

Chifu aliitwa. Alisikiliza mara mbili, akaandika katika daftari, kisha akauliza kama samaki ana kitambulisho. Hakuwa nacho.

"Mama, nimesikia na masikio yangu," chifu alisema. "Lakini kotini ataapa aje? Ati nimshikishe Biblia?" Akampa pole, akasaidia kupakia mawe kwenye pikapu.

Njiani Phelista aliipakata ndoo. Walipofika Kamukuywa baridi ilizidi, akavua sweta na kuizungushia. Aliinama akamuuliza samaki kama anasikia vibaya popote. Samaki akamjibu kuhusu shamba la Saboti. Alimuuliza tena, mara hii kwa jina la mumewe, naye akarudia yale yale. Phelista akafunika ndoo.

Huko Bumula, Bungoma, dada yake Edah alikuwa amewaachia pembe ya sebule. Phelista aliwazoesha samaki maji mapya kikombe kwa kikombe, kwa saa nzima. Hata hivyo yule mdogo, ambaye hakuwahi kusema neno, alikufa siku ya tatu. Yule mkubwa aliendelea kusema kila jioni, wakati wa chai. Majirani wa kanisani walikuja, wakamsikiliza, wakaomba, wakaenda zao. Phelista alipima chumvi kila Jumamosi na kuongeza maji yasiyo na chumvi pale yalipopungua.

Mwezi wa tatu tangu wahame, Wakhungu alikuja kuwaona. Samaki aliposema, alivua kofia na kulia waziwazi.

"Ni yeye kabisa," alisema. "Ni ndugu yangu."

Phelista alimpa kitambaa, kisha chai. Wakhungu alikunywa vikombe viwili, akaomba siku nyingine aje na watoto wasikie sauti ya baba yao mkubwa. Phelista akakubali. Halafu Wakhungu akaaga kwa haraka, maana kule Saboti trekta lilikuwa limeshafika, na dereva alitaka kuonyeshwa mpaka wa shamba.