Twalala kwa Nani?

Mwaka uliofuata Uhuru, Garama wa Kombani alipanga vifuu vya nazi uani kwake akasema hiyo ndiyo Kenya. Kifuu kikubwa karibu na jiko kilikuwa Mombasa. Kilichokaa chini ya kamba ya kuanikia nguo kilikuwa Nairobi. Nakuru ilikuwa kando ya banda la kuku, na Kisumu ilisukumwa mpaka kwenye ua wa makuti, kwa sababu, alivyoeleza mwenyewe, Kisumu ni mbali. Mkewe, Jumwa, aliambiwa afagie kwa kuzunguka. Akafagia kwa kuzunguka, na kila asubuhi alikuta kuku wamekwisha kuihamisha Nakuru.

Jumwa hakuwa na ugomvi na vifuu. Safari ya kuizunguka nchi, ambayo vifuu ndivyo vilikuwa ramani yake, aliitaka kuliko huyo aliyekuwa akiipanga. Kwa miaka mingi Garama alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa Diani, ambaye watu walimwita Bwana Kofia. Kila mwaka joto la pwani likizidi, Bwana Kofia alipakia gari lake akaenda kuizunguka nchi, na mpishi wake nyuma pamoja na masufuria. Garama alirudi na habari za ajabu. Alisimulia juu ya mlima wenye theluji, juu ya ziwa ambalo maji yake hayana chumvi, na juu ya ndege wekundu waliojaa mpaka maji hayaonekani. Kombani nzima ilimsikiliza. Hata watu waliomzidi umri walimpisha kitini. Jumwa alibaki nyumbani na watoto, na mihogo, na mama mkwe asiyeridhika na uji wa mtu yeyote, akiambiwa asubiri. Siku nchi itakapokuwa yetu, mumewe alikuwa akisema, nitakupeleka mimi mwenyewe.

Sasa nchi ilikuwa yao. Bwana Kofia alikuwa ameuza nyumba akarudi kwao, mama mkwe alikuwa amezikwa kwa heshima zote, na Kitsao, mtoto wao wa kwanza, alikuwa na kazi yake kule Ramisi kwenye miwa. Kilichobaki ni goti la Jumwa, la upande wa kulia, ambalo lilikuwa limeanza kuuma kabla mwenyewe hajafumbua macho. Alijua kwamba mwaka huu asipokwenda, basi tena, ataizunguka Kenya kwa ufagio hadi kufa kwake. Jambo hilo lilimtia hofu, na hofu ilimfanya mkali.

"Baba Kitsao," alisema jioni moja, amesimama na ufagio juu ya Nakuru, "tukifika hapa twalala kwa nani?"

"Hotelini," alijibu Garama.

"Hoteli ya nani?"

"Hoteli ni hoteli, mama Kitsao. Haina nani."

"Na hapa Nyeri?"

"Hotelini."

"Na Kisumu pia hotelini." Jumwa aliuliza kama anayesema. "Nchi nzima hii twaizunguka, na hamna mtu hata mmoja wa kutuambia karibu?"

Garama alikohoa, akasogeza kifuu cha Thika kidogo kushoto, akasema mipango haijakamilika. Hilo lilikuwa jibu lake tangu mvua za vuli. Kila alipokaribia kukamilisha, aliongeza mji mwingine.

Ni vyema ieleweke kwamba kwa watu wa Jumwa safari haipangwi kwa miji. Hupangwa kwa watu. Unakwenda kwa shangazi, kwa somo yako, kwa mtu aliyeolewa na mtu wa kwenu, na miji ni vitu unavyovipita ukiwa unakwenda huko. Mahali pasipo na mtu wako ni njia tu, na njiani halali ila mwehu au askari. Garama alilijua hilo tangu utotoni. Lakini alikuwa ameiona safari ya Bwana Kofia, na safari ya Bwana Kofia ilitoka hoteli ikaingia hoteli, kwa hiyo alipojipangia yake mwenyewe aliipanga vilevile, kama kwamba watu hawazaliwi huko bara.

Siku ya soko Jumwa alifunga leso yake mpya, akatoka, akafanya jambo ambalo halina kurudi nyuma. Aliaga.

Alianza kwa Mwanaima, jirani yake muuza mahamri pale barabarani, Mdigo mwenye sauti ya kusikika mpaka Kwale. Kumuaga Mwanaima ni kuuaga mtaa mzima kwa mkupuo mmoja.

"Shoga, nimekuja kuaga. Mimi na baba Kitsao twaenda kuizunguka Kenya."

"Alhamdulillahi! Mwaanzia wapi? Mwafikia kwa nani?"

"Mwenzangu asema hotelini."

Mwanaima aliweka kijiti chake cha kugeuzia mahamri chini. "Hotelini? Kama watu msio na watu? Na binti yangu yuko Nakuru, mumewe fundi wa reli, nyumba ina vyumba viwili! Akisikia mmepita Nakuru mkalala kwa kulipa, hatanisamehe mimi, wala ninyi hatawasamehe. Ngoja nikufungie mzigo wake."

Mzigo ulikuwa ng'onda, samaki waliokaushwa kwa chumvi, fungu zima, wenye harufu ya kutangulia mchukuzi. Jumwa akaupokea kwa mikono miwili. Kuukataa mzigo wa msafiri ni tusi, na zaidi ya hapo, alishaanza kuona faida yake.

Kutoka hapo alikwenda kwa Ndila, mwanamke wa Kikamba aliyekuwa na shamba kule makaazi ya Shimba Hills na kuuza mbaazi sokoni. Ndila hakuwa amekwenda kwao Machakos tangu wapewe shamba. Alipoagwa aliuliza polepole kama kweli watapita Machakos. Jumwa, ambaye hakujua Machakos iko upande gani wa banda la kuku, alisema watapita.

"Mama yangu bado yuko," alisema Ndila. "Syovata. Ukishuka hapo mjini uliza tu. Mpelekee nazi. Anapenda nazi sana na huko hakuna. Mwambie Ndila amenituma, halafu ukae kwake mpaka uchoke wewe." Na macho yalimjaa maji, na Jumwa naye yakamjaa, pale pale katikati ya mbaazi.

Garama aliporudi kutoka kutembea alikuta Kenya yake imefunikwa. Nairobi ilikuwa chini ya kapu la nazi. Juu ya Nakuru walilala ng'onda, na kuku walikuwa wakiwazunguka kwa heshima. Jogoo mmoja, ambaye Jumwa alikuwa akimpelekea kaka yake Ziro kule Taru, alikuwa amefungwa mguu kwenye ua, kiasi cha hatua moja kutoka Kisumu.

"Nini hiki?"

"Mizigo. Nimeaga."

"Umeaga!" Garama aliketi kwenye kinu kwa kishindo. "Bila kuniuliza mimi? Mimi napanga safari ya kuiona nchi, wewe wapanga ya kubeba samaki! Nani amekwambia twapita Machakos?"

"Hukupita na Bwana Kofia?"

"Nimepita mara nyingi."

"Mlikuwa mwakaa kwa nani?"

"Bwana alikaa hotelini."

"Nauliza wewe."

"Nyuma. Kulikuwa na kibanda cha maboi. Kulikuwa na mpishi mmoja, mtu mwema, alinipa blanketi."

"Jina lake nani?"

Garama aliangalia vifuu kana kwamba jina limeandikwa humo. Halikuwamo. Jumwa hakumsaidia. Alikuwa na hasira, na alitaka hasira yake ijibiwe.

"Sikumuuliza," alisema Garama mwishowe.

"Na ule mlima wenye theluji?"

"Niliuona asubuhi moja nikichota maji. Sehemu ya chini. Juu palikuwa na mawingu. Nikaitwa, chai imechelewa." Alijikuna shingoni. "Theluji ilikuwa kwenye picha, sebuleni kwa Bwana. Niliifuta vumbi kila siku, naijua vizuri."

"Na ndege wekundu?"

"Bwana aliwaona. Mimi nilibaki kwenye gari, nalinda vyombo."

Miaka yote hiyo Jumwa alikuwa amemwonea wivu mwanamume huyu. Usiku wa joto, watoto wakilia, alimfikiria yuko kwenye baridi nzuri anatazama ziwa, na wivu ulimuuma kuliko mbu. Kumbe alikuwa akilinda masufuria. Hakujua amcheke au ampige na ufagio.

"Basi mbona usiniambie?"

"Watu walinipisha viti, mama Kitsao," alisema Garama, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Hapa Kombani mimi ni mtu wa safari. Tukienda utaniuliza njia, na mimi sijui njia hata moja. Nilikuwa naketi nyuma ya gari, uso umeelekea tulikotoka. Nchi yote niliiona inakwenda zake. Ningekupeleka wapi? Heri vifuu." Kisha akasema kwamba haendi, na mizigo irudishwe kwa wenyewe.

Hapo ndipo hasira ya Jumwa ilipokwisha, maana alimhurumia. Lakini huruma haikumfanya alegee.

"Haitarudishwa," alisema. "Nimeaga, na mtu aliyeaga haonekani tena sokoni. Nikionekana nikinunua mbaazi kwa Ndila wiki ijayo, nitamwambia nini? Mimi nakwenda. Sihitaji mtu wa kunionyesha njia. Ninazo nazi, na mwenye nazi ananingoja. Nikitoka hapo, Syovata ataniambia wa mbele ni nani, na huyo wa mbele atanipa mzigo wa kumpelekea mwingine. Wewe baki, unifagilie ua."

Alikwenda kuwawekea kuku maji, kwa sababu hakutaka aonekane analia. Kwenda peke yake alikuwa hakutaka hata kidogo. Alitaka kwenda na huyu huyu, muongo wake.

Asubuhi aliamka akakuta kapu la nazi limeshafungwa upya, kwa fundo la mtu aliyezoea kupakia magari. Garama alikuwa amevaa koti. Alikuwa amelibeba fungu la ng'onda begani, uso ameukunja kwa harufu, akatangulia kwenda barabarani. Jumwa akafuata. Mwanaima aliwasindikiza kwa vigelegele vilivyowaamsha hata waliokuwa hawajaagwa.

Walifikia Taru kwanza, kwa Ziro. Jogoo alipokewa, akasifiwa, akachinjwa. Baada ya chakula Ziro alimwomba shemeji yake asimulie ya mlima, na Garama, Mungu amsamehe, akasimulia. Theluji ilikuwa pale pale, na ndege walikuwa wekundu kuliko zamani. Jumwa alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kwenye sinia ya vyombo. Neno moja tu lingetosha kumshusha mumewe kitini mbele ya ndugu zake, nalo lilikuwa ulimini. Alilimeza. Hata hivyo moyo ulimshuka. Alijiona atakwenda naye hivi mpaka Kisumu, yeye akitazama nchi na mumewe akiifuta vumbi ile picha.

Kufika Machakos waliuliza kwa Syovata, kama walivyoambiwa, na walionyeshwa njia na mwanamke mmoja aliyeacha mzigo wake wa kuni ili awapeleke mwenyewe. Nyumba ilikuwa mtelemkoni, ikitazamana na kilima kirefu chenye mawe mgongoni. Syovata alikuwa kikongwe mwembamba, mkavu, mwenye macho makali. Hakuwaelewa mara moja. Jumwa akapiga magoti kwa shida, kwa ajili ya goti lile, akafungua kapu.

"Shikamoo, mama. Ametutuma Ndila."

Kikongwe alichukua nazi moja. Aliitikisa karibu na sikio, akasikia maji ndani, akaiweka kifuani. Kisha akaita watu wa nyumba kwa Kikamba, na viti vikaletwa, na maji ya kunawa, na uji katika kibuyu. Walipokwisha kunywa, Syovata aligeuka akamtazama Garama, koti lake, na namna alivyokaa wima kama mtu anayejulikana.

"Wewe baba naonekana mtu ya kutembea," alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza. "Hapa kwetu ulifika zamani?"

Jumwa alishika kibuyu kwa nguvu. Aliijua habari ya Machakos, alikuwa ameisikia mara nyingi, na hoteli yake, na baridi yake, na jinsi Bwana Kofia alivyosema hakuna mpishi kama Garama kutoka pwani mpaka huko. Alingoja ianze.

Garama alikitazama kilima. Alikitazama kwa muda mrefu, kuanzia chini mpaka kwenye mawe, na hakuna aliyemwita.

"Hapana, mama," alisema. "Ndiyo mara yangu ya kwanza." Kisha akaegemea mbele kitini. "Kilima kile, chaitwaje?"

Syovata akamwambia. Garama akalirudia jina, akalikosea, akasahihishwa, akalirudia tena. Jumwa alitazama pembeni kwa furaha iliyomzidi, akajipangusa kwa ncha ya leso, na alipogeuka mumewe alikuwa tayari ameuliza la pili.