Kiti Kilichobaki

Katika shirika lile la afya la nchi tisini, nchi moja tu ikiinua kibao chake kupinga, uamuzi umekufa. Mama Kifungu, mjumbe wa nchi mojawapo, aliyebandikwa jina hilo kwa kutaja vifungu vya katiba hata kwenye chai, alikuwa amepigana miaka tisa kanuni hiyo ifutwe. Kwa sababu ya pingamizi moja, chanjo zilikaa bandarini miezi minne, na katika miezi hiyo alimzika mdogo wake. Hakuwa amesamehe, wala hakujifanya amesamehe.

Kasheshe ni kwamba hata kuifuta kulitaka wote tisini wanyamaze.

Mwenyekiti alimaliza kusoma rasimu ya kuifuta, akainua nyundo. "Natoa dakika moja. Kama hakuna pingamizi, imepita."

Simu ya Mama Kifungu ikatetemeka mezani: ujumbe wa waziri wake. "Pinga. Mataifa makubwa yanataka kanuni ibaki; yametuahidi kiti cha kudumu kwenye baraza, kile kilichobaki."

Hasira zikampanda. Tamaa mbele, mauti nyuma. Na mauti yenyewe aliyajua kwa jina. Akaifunika simu kifudifudi, akachukua kibao cha nchi yake, akakikalia. Wamfukuze wakitaka.

Kushoto kwake aliketi mjumbe wa nchi jirani, ambaye kwa utani wa miaka yote walikuwa wakiitana shemeji. Naye alikuwa ameikodolea macho simu yake. Mkono wake ulikuwa karibu na kibao.

"Shemeji," akanong'ona Mama Kifungu, "usiniambie na nyie mmeahidiwa kiti."

"Cha kudumu."

"Kile kilichobaki?"

"Hicho hicho."

"Ni kimoja tu, shemeji! Na sisi tumeahidiwa, sasa hivi. Wanatuchezea shere!"

Yule bwana akageuka, uso umemshuka. Zilibaki sekunde thelathini.

"Mwandikie waziri wako," Mama Kifungu akamsihi. "Mwambie tumeahidiwa wote. Haraka, baba!"

Shemeji akaandika, vidole vikikosea herufi. Mwenyekiti akatazama saa yake. Sekunde kumi. Jibu likaingia, yule bwana akalisoma mara mbili, na alipomaliza hakuweza kumtazama Mama Kifungu machoni.

"Kasemaje?"

"Kasema basi niwahi kabla yako."

Shemeji akainua kibao chake.