Waya za Gari la Mama Mkwe

Kinyozi hakuombwa na mtu. Hilo lijulikane mapema, maana watu wa aina yake mambo yakiharibika husema walilazimishwa. Gari kuukuu la mama mkwe wake lilikuwa likikohoa kila asubuhi na kuishiwa nguvu mlimani, na mama wa watu alikuwa ameshika simu ampigie fundi, yeye akadakia, "Fundi wa nini, mama, na mimi nipo?"

Alikuwa na sababu yake. Tangu amuoe binti wa nyumba ile, hakuwahi kuitwa kwa kazi ya maana. Kupanga viti, aitwe. Kunyoa wajukuu, aitwe. Mengine yote mama mkwe husema, "Tusimsumbue." Neno hilo lilimchoma. Alitaka siku moja tu aonekane mwanamume wa kutegemewa, basi.

Akaenda duka la spea la mtaani, akachukua plagi, waya zake na kifuniko cha distributa, kile ambacho waya zote huchomekwa juu yake. Muuza spea, mtu mpole wa maneno machache, alimwambia kitu kimoja: "Chomoa waya moja, weka mpya, ndiyo uende kwa nyingine."

Kinyozi akacheka. "Kaka, unanifundisha mimi?"

Uani, mama mkwe alitoa kiti akakaa kumtazama. Hapo kinyozi akavimba kichwa. Akafungua boneti, akachomoa waya zote kwa mkupuo, akazitupa chini kama nywele za wateja wake. Plagi kuukuu zikatoka zimejaa masizi, naye kila moja akamwonyesha mama. "Umeuona uchafu huu?" Mama akaitikia, "Makubwa!" Plagi mpya na kifuniko kipya vikaingia vizuri, haki yake tumpe. Ila alipofika kwenye waya, akaduwaa. Ipi inakwenda wapi? Injini ile haiwashi plagi zake kwa kufuata mstari. Zina zamu zao, na waya ikikaa penye zamu ya mwenzake, cheche hufika wakati si wake. Kinyozi akazichomeka kwa mstari hivyo hivyo, ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Mama, washa!"

Lo! Gari likatetemeka lote, likapiga mshindo kwenye ekzosi mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Mama akatoka garini mbio, ameshika kifua. "Ni nini hiyo?"

Kinyozi alijua. Jamani, alijua palepale. Neno lenyewe lilikuwa jepesi: nimekosea. Lakini mdomo ukamtangulia. "Ni hiki kifuniko, mama. Kibovu. Yule jamaa kaniuzia takataka." Na ili aaminike, akampigia muuza spea simu, akaweka sauti ya juu, akamwita tapeli. Mama naye akadakia, "Hata haya huoni, mtu mzima? Mtaa mzima tunanunua kwako. Leo watakujua!"

Muuza spea hakubishana. Alifunga duka, akaja kwa miguu na kifuniko kingine mkononi.

Akainama kwenye injini. Macho yake yakazifuata waya polepole, kisha yakapanda mpaka usoni mwa kinyozi. Kinyozi akatamani ardhi ipasuke immeze. Sasa anasema, akawaza, sasa ananivua nguo mbele ya mkwe. Muuza spea akasogea, mgongo wake ukamkinga mama asione, akahamisha waya kila moja mahali pake, kisha akabadilisha hata kile kifuniko, ingawa kilikuwa kizima kabisa. Gari likawaka, likatulia, halikukohoa hata mara moja.

"Ni kweli, mama," akasema akijifuta mikono. "Kifuniko kilikuwa na kasoro. Niwie radhi."

"Afadhali umekubali," mama akamjibu kwa ukavu. Kisha akamshika kinyozi bega, mara ya kwanza tangu amjue. "Ahsante, mwanangu. Bila wewe tungeibiwa."

Muuza spea akaaga, akatoka getini. Mkono ule begani, ambao kinyozi aliutamani siku zote, sasa ulimuunguza. Roho ikamsuta akashindwa kuvumilia. "Mama," akasema, akitazama viatu vyake, "waya nilichanganya mimi. Kifuniko hakikuwa na neno. Yule amenisitiri tu."

Mkono ukaondoka. Mama hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Mbona unaniambia mimi? Aliyetukanwa ni mimi?" Akaingia kwenye gari. "Panda."

Walimkuta muuza spea ndiyo kwanza anafungua, wateja wamemsubiri mlangoni. Kinyozi akashuka. Akasema yote mbele ya watu: aliyeharibu ni yeye, na aliyedanganya ni yeye.

"Wee kinyozi, rudi kwenye vichwa vyako!" mteja mmoja akapaza sauti, na wenzake wakaangua kicheko.

Muuza spea hakucheka. "Ningekuumbua vipi mbele ya mkweo?" akasema taratibu. "Na mimi nina wakwe, ndugu yangu."

Mama naye alikuwa ameshashuka. Akampita kinyozi bila kumtazama, akasimama mbele ya muuza spea, akainamisha kichwa chake chenye mvi mbele ya watu wote wale. "Baba, na mimi nilikutukana. Nisamehe."

Kicheko kikakatika. Kinyozi hakuweza kuangalia. Yale matusi mama aliyatoa kwa kumwamini yeye, na sasa mama wa watu alikuwa akiyaombea radhi.