Bakuli la Khiem

Siku ya mwisho ya mwaka, Bi Nhan hakumwachia mtu kuandaa meza. Thoa, mke wa mwanawe, aliruhusiwa kupika, kuosha na kufagia, hata kupanga vyungu vya maua ya manjano mlangoni, lakini mabakuli yalikuwa ya Bi Nhan peke yake. Aliyatoa kabatini asubuhi, akayapangusa moja moja kwa kitambaa kikavu, na ole wake mtu apitaye karibu akamgusa kiwiko.

Meza zilikuwa mbili. Ya juu, iliyoegemea ukuta chini ya picha, ilikuwa ya marehemu: baba mkwe, mama mkwe, na mzee Thuan, mumewe. Hao ndio wanaokula kwanza. Unawapakulia, unawasha udi, unawaita kwa majina, kisha unakaa na njaa yako mpaka udi uishe. Hapo ndipo chakula kinateremshwa na walio hai wanakula masazo. Meza ya chini ilikuwa ya walio hai: Bi Nhan, Thoa, mtoto Mit, na Khiem.

Khiem alikuwa mwana wa pekee wa Bi Nhan. Alivuka mpaka kwenda Kambodia kutafuta kazi Mit akiwa bado ananyonya, akapiga simu mara mbili tatu, kisha kimya. Hakuna maiti, hakuna habari. Kila Tet, sikukuu ya mwaka mpya, ilipofika, Bi Nhan alimwekea bakuli kwenye meza ya chini, akalijaza wali, akalaza vijiti vya kulia juu yake, kama mtu aliyechelewa njiani tu. Watu wakishamaliza kula, wali ule uliopoa aliula Thoa. Masazo ya mume ni ya mke, alisema Bi Nhan, na Thoa akala, mwaka hadi mwaka, bila neno.

Mwaka huu alikuwa na neno. Alingoja mpaka Mit akatoka kwenda kuchungulia fataki za majirani, akaendelea kumenya mayai ya kutia kwenye sufuria ya nyama ya nguruwe iliyokuwa ikitokota kwa maji ya dafu.

"Mama, Luan ameniuliza tena."

"Luan yupi?" Bi Nhan alimjua vizuri sana.

"Luan fundi wa pampu. Si ndiye aliyekutengenezea pampu ukampa bata?"

"Bata mwenyewe alikuwa kikongwe. Mimi nilidhani namshukuru, kumbe nakubali posa!"

Thoa akacheka, kwa maana Bi Nhan alijua kuchekesha hata akiwa amekasirika. Halafu kicheko kikamkauka, akaliweka chini yai alilolishika.

"Mimi sikukimbii, Mama. Umenilea hapa kuliko alivyonilea mama yangu, na hilo nitalisema mbele ya yeyote. Lakini Luan hatangoja mwaka mwingine, na mimi sijui mimi ni nani. Ni mke? Ni mjane? Basi leo nakuachia wewe. Ukiliweka bakuli la Khiem chini, nitampigia Luan nimwambie atafute mwingine, wala hutanisikia nikilitaja tena mpaka nizikwe. Ukiliweka juu, nitajua wewe mama yake umekubali kwamba amekufa. Hapo nitaondoka na mwanangu."

"Unanipa kisu nijichinje mwenyewe."

"Nakupa kwa sababu wewe ndiye uliyemzaa. Nani mwingine wa kujua?"

Bi Nhan akageukia moto, akachochea kuni zisizohitaji kuchochewa. Maneno yale yalimkata maini, kwa sababu alikuwa anajua.

Alijua tangu mwaka juzi. Mtu mmoja mkondefu, mkono mmoja umepinda, alimfuata sokoni kwenye matenga yake ya bata, akamuuliza kama yeye ndiye mama yake Khiem wa upande wa kivuko. Walikuwa pamoja huko ng'ambo, akasema, mahali penye ukuta na walinzi, walikofanyishwa kazi bila kutoka. Khiem alijaribu kuruka ukuta. Walimpiga, akapata homa, akafa, na huyo mtu mwenyewe ndiye aliyechimba kaburi. Alimtajia mwezi na tarehe ili mama apate kuadhimisha siku ya kifo chake. Bi Nhan alimshukuru, akamnunulia wali, akamtazama akila mpaka akamaliza. Kisha akarudi nyumbani na kufunga mdomo.

Si kwamba hakumwamini. Aliamini kila neno. Lakini njiani aliiona nyumba bila Thoa. Mjane kijana hakai na mama mkwe. Atachukuliwa, na mtoto ataenda naye, na yeye atabaki akijipikia chungu cha mtu mmoja na kuzungumza na bata. Basi akaamua Khiem yu hai. Tuseme ukweli tu: alimnyima mwanawe chakula ili yeye asiachwe peke yake. Maana marehemu asiyeitwa kwa jina lake haingii ndani, na asiyeingia hali. Wali wa meza ya chini si wake. Mwaka juzi Khiem alikaa na njaa, mwaka jana akakaa na njaa, na mama yake alijua.

Alikuwa akimwota. Khiem alisimama kwenye mlango wa jiko, nywele zimelowa, hasemi kitu, anaitazama sufuria. Bi Nhan akimwambia ingia, haingii.

Wali ulipoiva, Mit akarudi mbio akakwangua ukoko chini ya chungu. Thoa ndiye aliyemfundisha kwamba baba yake alipenda ukoko uliochovywa kwenye mafuta ya nyama, na mtoto, asiye na kumbukumbu nyingine ya baba, alilishika hilo.

"Bibi, huu mkubwa ni wa baba. Niuweke wapi?"

"Mezani," alisema Bi Nhan.

"Meza gani?"

Thoa alikuwa mlangoni na sinia la mboga. Alisimama.

"Ya chini," alisema Bi Nhan. Akalichukua bakuli la Khiem, akaliweka kando ya bakuli la Thoa, akalaza vijiti juu yake. Vikalala sawasawa, na kwa hilo akajichukia.

Thoa akaweka sinia, akatoka nje kwenye mtungi wa maji. Aliporudi alikuwa amenawa uso.

"Sawa, Mama," alisema. "Nitampigia Luan tukimaliza kula." Akaanza kupanga achari kwenye sahani, taratibu, kama kila mwaka. Hakununa, hakupiga sahani mezani. Angenuna kidogo tu, Bi Nhan angepata la kugombana nalo.

Meza ya juu ilikuwa tayari: nyama na mayai, supu ya mboga chungu ya karela, wali wa kunata uliofungwa kwa majani ya mgomba, vikombe vya chai. Bi Nhan akavaa gauni lake la kahawia, akawasha udi, akainua vijiti vitatu vya udi huo usawa wa paji la uso. Thoa na Mit walisimama nyuma yake. Aliita kama alivyoita maisha yake yote ya ndoa. Baba, njoo ule na sisi. Mama, njoo ule na sisi. Mzee Thuan, njoo ule na sisi. Kila mwaka hapo ndipo alipoinama, akachomeka udi, ikawa imekwisha.

Hakuinama. Mlango wa jiko ulikuwa wazi kulia kwake, na hakutaka kugeuza shingo kuutazama. Ukoko wa Mit ulinukia mafuta. Akawaza jinsi Khiem, alipokuwa mdogo, alivyokikwangua chungu mpaka akakitoboa, na jinsi yeye alivyomchapa kwa hilo, na chozi likamshuka.

"Khiem," alisema. "Mwanangu, njoo ule."

Jina likishaitwa mbele ya udi halirudishwi nyuma. Anayeitwa pale ni marehemu.

"Mama," alisema Thoa, "umemwita."

"Nimemwita. Lete bakuli lake."

Thoa akalileta kwa mikono miwili. Bi Nhan akalipokea, akalipandisha juu, akaliweka mwisho baada ya la baba yake, akachomeka udi mmoja katikati ya wali. Ukoko akaupachika juu. Hakumwinamia, kwani mzazi hamwinamii mtoto.

"Umejuaje?" Sauti ya Thoa ilikuwa ndogo. "Punde tu ulimweka na walio hai. Umejuaje sasa?"

"Nilijua. Aliniambia mtu aliyemzika."

"Lini?"

"Mwaka juzi. Alikufa mwezi wa tano."

Thoa akafungua mdomo, na Bi Nhan, kwa mazoea ya miaka, akamkamata mkono. "Usilie. Leo watu hawalii, utauharibu mwaka mzima wa mtoto." Ni kweli, siku hiyo machozi ni mwiko. Hata wenye msiba hufunika vitambaa vyao vyeupe siku za Tet. Thoa akauma upindo wa aproni yake ya jikoni mpaka mshtuko ukampita.

"Hata kulia umeninyima," alisema alipoweza. "Mara mbili umenilisha ule wali, Mama. Nilikuwa nautafuna huku namwombea arudi salama."

"Najua."

"Najua, anasema!"

"Thoa, sikiliza. Hesabu kuanzia siku aliyokufa. Muda wa kitambaa cheupe umeshapita. Huna haja ya kuvaa, Luan hana haja ya kungoja. Uko huru tangu leo."

Thoa akamtazama kama mtu anayetazama nyumba aliyokaa miaka akagundua haikuwa na ukuta mmoja. "Nimemaliza msiba ambao sikuujua," alisema. Akamshika Mit mkono, wakainama pamoja mbele ya bakuli la Khiem, mtoto akiiga mama yake, kisha wakakaa kungoja udi uishe.

Walikula. Walikuwa na njaa, na chakula kilikuwa kizuri, na hilo nalo lilikuwa baya. Bakuli la Khiem liliposhushwa, Thoa alimega ukoko akampa Mit, akala wali wote mwenyewe, punje kwa punje, bila kuambiwa.

Siku ya tatu ya mwaka mpya waliwaaga marehemu waliokuja kula, kama ilivyo desturi. Udi ulipokwisha, Thoa akatoka chumbani na begi. Nje Luan alikuwa ameegesha pikipiki mbali kidogo na lango, kwa haya. Thoa akaiendea meza ya juu, akaichukua picha ya Khiem aliyoipachika juzi, akalichukua na bakuli, akalipangusa kwa kitambaa kikavu, akalifunga kwenye taulo.

"Hilo nalo?" aliuliza Bi Nhan.

"Anayemwashia udi ni mtoto wake, Mama. Wewe humwinamii. Na kwako alikaa na njaa miaka miwili. Atakula kwetu."

"Kwa Luan?"

"Luan ameshapigilia ukutani ubao wa kuwekea udi wake."

Bi Nhan akaenda jikoni, akajaza kopo nyama na mayai, akarudi. Thoa akalipokea kwa mikono miwili, kwa adabu ile ile ya siku zote.

"Atapata ukoko?" Bi Nhan alimuuliza mtoto.

"Nitamkwangulia mimi, Bibi."

Sufuria ile ilikuwa imepikwa kwa wengi. Bi Nhan aliipasha moto kesho yake, na keshokutwa, mpaka mchuzi ukawa mweusi na mayai yakawa magumu kama kokoto. Hakuandaa meza. Aliyarudisha mabakuli kabatini na pengo lao, akawa anakula kiporo jikoni, wima, kutoka kwenye sufuria.

Mlango wa jiko aliuacha wazi kila alipolala. Khiem hakuja tena kusimama pale. Alikuwa ameshiba kwingine.