Hiyo "Ji" Siitii Sahihi

Malapa yalikuwa yametapakaa mlangoni pa bafu, na hapo ndipo nilipojua kuna jambo. Katika makao yetu walilala watoto kumi na wanne wenye usonji, na mmoja wao, binti wa miaka kumi na moja, hakuvumilia kuona malapa yamekaa ovyo. Aliyapanga mawili mawili, pua zikielekea ukutani, hata tukambandika jina la Foleni. Maneno hakuwa nayo. Akifurahi alivuma kama nyuki. Kelele zikimzidi aliziba masikio na kupiga mayowe.

Asubuhi yote nilikuwa uani nikifua mashuka. Nikaingia jikoni nikamuuliza mpishi, "Foleni yuko wapi?"

"Wageni wa misaada walipokuja saa tatu alianza mayowe yake. Metroni akamchukua."

"Si wameondoka tangu saa nne?"

Mpishi akaendelea kumenya vitunguu, machozi yanamtoka; ya vitunguu au ya kitu kingine, sijui.

Nilimkuta stoo ya magodoro. Komeo lilikuwa limesukumwa mpaka mwisho. Ndani, Foleni ameketi sakafuni, gauni limelowa jasho, kucha mbili zimevunjika hadi damu. Upande wa ndani wa mlango rangi ilikuwa imekwaruzwa mpaka mbao ikaonekana. Nilimsogezea maji bila kumgusa, maana akishtuka hapendi mkono wa mtu, nikakaa naye chini mpaka pumzi yake ilipotulia. Ilikuwa saa saba na nusu.

Baadaye Metroni akaniita ofisini. Kitabu cha matukio kilikuwa wazi, mwandiko wake mzuri umelala kwenye mstari: Mtoto amejifungia stoo. Mlezi wa zamu amemtoa. Chini palibaki nafasi ya sahihi yangu.

"Weka hapo, binti yangu. Mama yake anafika saa kumi."

Nilisoma. Nikarudia kusoma.

"Metroni, hii 'ji' ya nini?"

"Ji gani?"

"Hapa. Amejifungia. Komeo liko nje. Labda Foleni awe na mkono mrefu kama wa serikali."

Akacheka kwa pua. "Makubwa! Wewe wa shule ya msingi ndiye wa kunifundisha mimi sarufi?"

"Ndiko inakofundishwa. Amejikata, amekatwa. Amejipiga, amepigwa. Hiyo 'ji' siitii sahihi."

Kicheko kikamkauka. Akafunga mlango wa ofisi, akashusha sauti. "Sikiliza. Nina miaka ishirini kwenye kazi hii. Wazazi wakiogopa watawarudisha hawa watoto nyumbani, na huko nako watafungiwa, tena bila wa kuwafungulia. Ndicho unachotaka? Na wewe kesho utakula nini?"

"Nitakachokula sikijui."

"Mdomo huo utakuponza."

"Foleni hana mdomo, Metroni, na ameponzeka vilevile."

Akaniambia nikafungashe virago. Nikamjibu kwamba zamu yangu inaisha saa kumi na mbili, na walezi tuko wawili tu. Kama anataka kukaa na watoto yeye, karibu.

Mama yake Foleni alikuwa fundi cherehani. Alifika moja kwa moja kutoka kazini, sindano bado imechomekwa kolani. Metroni akampokea kwa sauti ya asali. "Mama, hawa watoto bwana! Kajifungia stoo, tumehangaika sisi!"

Mama akatazama vidole vya mwanawe, kimoja kimoja. Nikasimama.

"Mama, njoo nikuoneshe huo mlango."

Metroni akatuzibia njia. "Kule ni kwa wafanyakazi tu."

"Kwani mwanangu mfanyakazi?" mama akauliza, akapita.

Alilitazama komeo. Akalisukuma, akalivuta. Kisha akaingia stoo.

"Nifungie, mdogo wangu."

"Mama..."

"Nifungie, nimesema."

Nikafunga. Akasukuma kwa mkono, akasukuma kwa bega. Halafu nikasikia vidole vyake vikipapasa mbao, polepole, toka chini kwenda juu, mpaka pale mikono ya mtoto ilipofikia. Nilifungua kabla hajaomba.

"Saa ngapi mpaka saa ngapi?" aliniuliza.

"Saa tatu mpaka saa saba na nusu."

Tukarudi ofisini. Metroni akakikumbatia kitabu: hakitoki nje ya makao, ndiyo sheria.

"Nani kasema kitoke?" mama alimjibu. "Kiweke hapo mezani. Mdogo wangu, andika."

Niliandika: Mtoto amefungiwa stoo na Metroni. Nikaandika saa, nikaandika komeo liko upande gani, nikatia sahihi na jina langu kamili. Mama akapiga picha kwa simu, akawatumia wazazi wengine wote kumi na watatu.

"Umeniua," Metroni aliniambia.

"Sijakuua. Nimekutaja."

Simu ya ofisi ikaanza kulia: ni wazazi, na mmoja alisema amekwisha kumwita mkaguzi wa ustawi wa jamii. Foleni akaondoka na mama yake, na mimi nikabaki na wale wengine, maana zamu ilikuwa bado. Mpishi alinishikia mlango wa stoo, nami nikalegeza skrubu moja baada ya nyingine kwa kisu cha mezani mpaka komeo likaachia. Metroni akaja amenyoosha mkono. Nikamwambia komeo nitamkabidhi mkaguzi, na kwamba mpaka afike, silali, na komeo hili halibanduki kwangu.