Sikio la Ng'ombe wa Tonny

Mto Nzoia ulimchukua mwanangu Tonny wakati wa mafuriko, na mwili haukupatikana. Kwetu Bungoma, mtu wa namna hiyo huzikwa kwa mgomba: shina lake hulazwa kaburini mahali pa marehemu. Ndugu wakapiga simu Kitale, tulikokuwa tukiishi na Tonny na binti yake Phelista. Wakasema nije na ng'ombe wa shaba. Kazi ya mikono yake ilazwe naye.

Nikasema sawa. Siku hizo nilisema sawa kwa kila kitu.

Ng'ombe huyo anatosha kiganjani. Tonny alimchonga kwa nta, kisha akayeyusha mifereji ya zamani ya maji ya bomba na kufuli mbovu, akamwaga shaba hiyo palipokuwa na nta. Alimfananisha na Nangila, ng'ombe niliyekuwa nikimkama kule Lugulu Tonny akiwa mdogo. Aliponiletea alisema, "Mama, huyu hataingia kwa mahindi ya jirani." Nikamweka dirishani, na chumba kile cha Kitale kikawa kwangu.

Asubuhi ya safari Phelista alimfunga ng'ombe huyo kwa leso yake nzuri.

"Kukhu, utawapa ng'ombe ya Baba kweli?" mjukuu wangu akaniuliza.

"Wameomba."

"Si useme tu hutaki?"

Nikaitia leso mkobani. Sikuhisi kitu.

Tulipofika Bungoma, mgomba ulikuwa umevikwa shati la Tonny. Mtu fulani alikuwa amefunga vifungo vyote, hata cha shingoni. Hilo nililiona. Nikamkabidhi ng'ombe shemeji yangu Wabwile, mkubwa wa ukoo. Akamgeuzageuza.

"Mulamwa," akaniita, yaani shemeji, kwa sauti ya kusikika na wote, "ng'ombe ya boma hii tunakata sikio gani?"

"La kushoto."

"Hii imekatwa la kulia. Hii ni ya watu wengine. Siwezi kuzika mali ya watu na mtoto wetu."

"Ah bana, mzee, si Tonny alikosea tu!" mmoja akasema.

"Nimemaliza. Mulamwa, kaa nayo mpaka mwenyewe aitafute."

Wabwile alijua ni ng'ombe wetu. Tonny alimchonga wakitazamana, kushoto kwake kukawa kulia kwa ng'ombe. Hata mimi niliona siku ile ile, nikanyamaza, kwa vile alivyokuwa amefurahi.

Wakafukia. Sikulia.

Tuliporudi Kitale Phelista alimfungua kwenye leso.

"Nimweke pale pale dirishani, Kukhu?"

"Hapana," nikasema. "Msogeze kidogo, jua limfikie."