Kesi ya Bwawa Lililokatazwa Kuwa Tupu

"Bwawa tupu ni bakuli la ombaomba!" alifoka Waziri Naam, akipunga bakora yake juu ya tuta.

"Na bwawa lililojaa kabla ya masika ni la nini, Mheshimiwa? La kuogeshea bata wenu?" alijibu Bi Hadhari, mikono kiunoni, matope magotini. Alikuwa amekamatwa alfajiri hiyo akizungusha gurudumu la lango la bwawa, na sasa alishitakiwa palepale alipokosea.

Kosa lilikuwa zito, maana katika nchi ya Telele utupu ulikuwa fedheha. Mgeni asiye na zawadi alijaza kikapu mawe. Tajiri aliyefilisika alijaza ghala mchanga. Na asiye na la kusema alijaza baraza maneno. Basi Sultani Furifuri alipojenga tuta la udongo kukikinga kitongoji cha Tuombe na mafuriko, fundi alimsihi bwawa likae tupu, ili mvua kubwa ikija ipate pa kutua. Fundi akafukuzwa, lango likafungwa, maji yakajaa, na Sultani akajivika nishani.

Sasa wingu jeusi lilikuwa limeukalia mlima tangu juzi, na maji yalibakiza shubiri moja yafurike juu ya tuta. Nyumba ya kwanza chini yake ilikuwa ya Bi Hadhari, na ndani walikuwamo wanawe wanne.

"Unakiri?" aliuliza Kadhi Mizani, ambaye viatu vyake vilishaanza kulowa.

"Nakiri, Shehe. Nilizungusha mara tatu. Ningefika kumi, ningelala usingizi."

"Tuta langu ni imara kama mlima," alisema Sultani, akitafuna tende.

"Alhamdulillahi! Basi hukumu ikasomewe kwangu, hapo chini tu. Mikeka ipo, uji wa moto upo. Tukae wote hadi mvua ipite. Tangulia, Mtukufu."

Sultani aliitazama nyumba, akalitazama wingu. Waziri Naam alikumbuka ghafla kwamba goti lake haliwezi mteremko.

"Mtukufu hapendi uji?"

"Nimefunga."

"Tangu lini?"

Sultani alitema kokwa ya tende. "Tangu sasa hivi."

Tone la kwanza liliangukia karatasi ya Kadhi, kisha la pili, kisha hayakuhesabika. Kadhi aliikunja karatasi.

"Mahakama imeridhika na ushahidi," alisema. "Lango lifunguliwe sasa, na bwawa likae tupu kila masika. Mshitakiwa analijua gurudumu, alizungushe. Waziri amsaidie."

Bi Hadhari hakungoja mhuri. Alijifunga kanga vizuri, akamvuta Waziri kwa mkono wa joho.

"Shika hapa, Mheshimiwa. Si hapo, hapa! Sukuma!"

Chuma kililia, maji yakanguruma kwenye bomba na kukimbilia mtoni, na ukingoni ukatokea mstari wa matope mabichi, mwembamba kama kidole.

"Nane," alihesabu Bi Hadhari, mvua ikimchuruzika usoni. "Tisa. Usiniachie, Mheshimiwa. Kumi."